Rotary, Toastmasters, SACCOS au Joging: Kipi Kinamfaa Mtu wa Miaka 40 Anayetafuta Kazi?

Ukipitia wasifu wa waombaji kazi wenye miaka kumi na mitano kazini, chini kabisa, baada ya vyeti na kabla ya wadhamini, utakuta mstari uleule: "Ninachopenda: kusoma, kusafiri na kutazama mpira." Mtu ameongoza idara, amesimamia bajeti ya mamilioni, lakini mstari huo haujaguswa tangu amalize chuo. Ukikutana naye ukamuuliza habari za wikiendi ndipo unasikia kuwa ni mweka hazina wa SACCOS, au katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa, au ndiye aliyeandaa mbio za mtaa mzima. Hayo hakuyaandika. Anaona si kazi.

Ninayemlenga hapa ni huyo: wa miaka 35 hadi 50, aliyepunguzwa kazini, ambaye mradi wake umeisha, au yuko kazini bado lakini ameanza kuangalia mlango. Wako wengi. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na hatimaye kulivunja shirika la USAID, watumishi wengi wa miradi ya afya Tanzania, Kenya na Uganda walijikuta nyumbani wakati ada za watoto zinadaiwa na mkopo wa benki haujaisha. Ujuzi wanao. Tatizo ni kwamba wanaoujua ujuzi wao ni watu wa miradi ileile iliyofungwa. Grupu la WhatsApp la wafanyakazi wa zamani limejaa watu wanaotumiana matangazo yaleyale ya kazi na kuombea nafasi zilezile.

Hapo ndipo shughuli za nje ya kazi zinapoingia. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha matokeo ya mahojiano na wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia kwa mtu, karibu 17 kwa mia tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya 55 kwa mia walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na karibu 28 kwa mia kwa nadra sana. Rafiki wa karibu anakupenda, lakini anachokijua yeye nawe umeshakijua. Habari ya nafasi mpya hutoka kwa mtu wa pembeni, yule mnayesalimiana tu.

Kwa hiyo kipimo nitakachotumia kulinganisha ni kimoja, tena cha kiofisi kabisa: baada ya mwaka mmoja wa shughuli hiyo, je, atakuwepo mtu asiye ndugu yako wala bosi wako wa zamani, anayeweza kupokea simu ya mwajiri na kusimulia kitu ulichokifanya? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huomba wadhamini watatu wa kuaminika, na mashirika binafsi huwapigia simu kwelikweli. Wengi wetu tuna wadhamini wawili wazuri, wa tatu tunamtafuta usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Toastmasters na Rotary

Watu huziweka kapu moja kwa sababu zote mbili ni klabu za watu waliovaa vizuri zinazokutana hotelini au ofisini baada ya kazi. Kazi zake ni tofauti mno.

Toastmasters, iliyoanzishwa na Ralph Smedley huko Santa Ana, California, mwaka 1924, ni gereji ya kuzungumza. Unasimama na hotuba ya dakika tano hadi saba. Dakika ya tano ishara ya kijani inawaka au kadi inanyanyuliwa, ya sita njano, ya saba nyekundu. Pembeni kuna mtu kazi yake ni kuhesabu umesema "eee" mara ngapi, na mwingine atasimama kukuchambua mbele ya wote: ulianza vizuri, katikati ulipotea, mikono yako ilikuwa mfukoni. Halafu kuna kipengele cha maswali ya papo kwa papo: jina lako linaitwa bila taarifa, unapewa swali, unajibu kwa dakika moja hadi mbili. Aliyewahi kukaa mbele ya jopo la usaili anajua kwa nini zoezi hilo lina thamani.

Linamfaa nani? Yule anayeijua kazi yake kupita kiasi. Mhandisi au mhasibu mwenye miaka kumi na minane kazini akiulizwa "tueleze changamoto moja uliyoitatua" huanza mwaka 2009, na jopo linaangalia saa kabla hajafika kwenye changamoto yenyewe. Miezi sita ya kadi nyekundu inaponya ugonjwa huo. Klabu zipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, nyingi huendesha mikutano kwa Kiingereza, jambo linalokusaidia kama mashirika unayoomba husaili kwa lugha hiyo. Ada ya makao makuu ni dola 60 kwa kila miezi sita, na mwanachama mpya huongeza dola 20. Klabu nyingine zina nyongeza zake. Unaweza kwenda kwanza kama mgeni ukaonja.

Ila kwenye karatasi haikubebi sana. Waajiri wengi wa kwetu hawajui ngazi za vyeti vyake maana yake nini, na maneno "mwanachama wa Toastmasters" hayamwambii mtu lolote. Ukitaka ikae kwenye wasifu, chukua wadhifa: kusimamia wanachama wapya au kuandaa shindano la hotuba. La sivyo ichukulie kama mazoezi, na ukishapona ondoka bila kinyongo.

Rotary ni jambo jingine: ni klabu ya watu wa fani mbalimbali wanaofanya kazi za huduma kwa jamii. Tarehe 23 Februari 1905, Chicago, mwanasheria Paul Harris alikaa na wenzake watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Kanuni ya kale ya kuchanganya fani, kila mwanachama akiwakilisha kazi yake, ndiyo hasa inayotengeneza wale watu wa pembeni wa Granovetter. Ukikaa meza moja na daktari wa meno, mwenye kampuni ya usafirishaji na meneja wa benki, unasikia mambo ambayo grupu la mradi wako halitayasikia kamwe.

Gharama yake ni halisi: ada, chakula cha mkutano, michango ya kila shughuli. Huingii kwa kujaza fomu tu. Unakuja kama mgeni, wanakuzoea, kisha unaalikwa. Na ukiingia huku umebeba bahasha ya wasifu wataiona mapema sana, watakukwepa kistaarabu. Kinachokuza jina ni kazi. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai na viongozi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo nafasi za kamati hazikaliwi na mtu mmoja milele. Fikiria kamati ya mbio kama zile za Rotary Dar es Salaam, ambazo zimezoeleka kufanyika tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere: kuna wafadhili wa kushawishi, polisi wa barabara wa kuandikiwa barua, maji ya kila kituo, namba za wakimbiaji, watu wa huduma ya kwanza. Mtu aliyesimamia maji tu, na maji yakafika, amejipatia mashahidi wa kutosha.

Uamuzi wangu: ukiwa bado una mshahara na unaona mbele yako kuna mwaka mmoja au miwili kabla ya kuhama, Rotary. Ukiwa umeshapoteza kazi na fedha za mafao unazihesabu, Toastmasters. Rotary ni shamba la muda mrefu, na ukiingia ukiwa na njaa utaumia mara mbili.

SACCOS na kujitolea

Hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wengi wa ajira, ambao kila mtu wanamwambia akajitolee. Kwa mtu wa miaka 40, kamati ya SACCOS, au hata kikoba kilichoendeshwa vizuri, mara nyingi ina uzito kuliko mwaka mzima wa kujitolea. Na ni kitu ambacho watu tayari wanacho, hawakihesabu tu.

Angalia kilichomo. SACCOS ya Tanzania inaendeshwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kenya zile zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, mamlaka ya kudhibiti vyama hivyo. Kuna bodi iliyochaguliwa, kuna kamati ya mikopo, kuna kamati ya usimamizi inayoichunguza bodi yenyewe. Hesabu zinakaguliwa, zinasomwa mkutano mkuu, na pale mkutanoni mwanachama yeyote anaweza kusimama na kuuliza fedha za semina ya Morogoro zilikwenda wapi. Hakuna kozi ya uongozi inayokupa hilo.

Chukua jioni moja ya kamati ya mikopo. Faili liko mezani. Mwombaji ni mkuu wa idara yako, anataka mkopo wa kumalizia nyumba. Kanuni ya chama inasema mkopo usizidi mara tatu ya akiba, na akiba yake haifiki hapo. Wajumbe wanakutazama wewe kwa sababu kesho asubuhi ndiye utakayepanda naye lifti. Mnamwandikia barua, mnampa kiwango anachostahili, mnamweleza aongeze akiba. Miaka mitano baadaye jopo la usaili linakuuliza: "Tupe mfano wa siku uliyosimamia utaratibu mbele ya mtu mwenye mamlaka." Wengine wanatunga. Wewe unalo, na mwenyekiti wa kamati yupo hai, ana simu.

Kikoba kina ukubwa mdogo lakini mantiki ni hiyohiyo: kasha la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinaandikwa mbele ya wote. Mweka hazina aliyemaliza mzunguko hesabu zikafunga bila ugomvi ana jambo la kusema. (Kamati ya harusi nayo ni usimamizi wa mradi kamili, yenye bajeti, tarehe isiyosogea na wadau wasiolipa ahadi zao. Lakini hiyo usiiandike popote. Isimulie wakati wa chai.)

Hatari zipo. Chama kikiwa na kashfa, jina lako litabeba harufu hata kama hukuhusika, hivyo ukiona mahesabu hayasomwi, jiuzulu kwa maandishi na utunze nakala. Na usigombee nafasi kwa ajili ya wasifu. Wanachama wanalinusa hilo kabla ya kura.

Kujitolea sasa. Kuna utafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia huduma za kujitolea, wa mwaka 2013, ulioonyesha kwamba wasio na kazi waliojitolea walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kazi kwa 27 kwa mia kuliko wasiojitolea. Takwimu hiyo hunukuliwa sana. Soma kwa tahadhari: huenda wanaojitolea ni watu wachangamfu ambao wangepata kazi vyovyote vile, na soko la Marekani si la Kariakoo wala Kisumu.

Kinachowapata watu wazima wanaojitolea kwetu nakifahamu vizuri zaidi. Unaenda na uzoefu wa miaka kumi na mitano, unapangiwa kuandika mahudhurio ya semina na kubeba maji ya kunywa, kwa sababu ofisi imezoea kuwa anayejitolea ni kijana wa miaka 23. Unarudi kila siku ukitumaini nafasi itatoka, na nauli inakwisha.

Ukijitolea, nenda na kazi yako mkononi. Mwambie mkurugenzi: nitakuja siku moja kwa wiki, miezi mitatu, nitawaandalia mwongozo wa manunuzi, au nitapanga upya kumbukumbu za stoo, kisha nitawakabidhi. Iwe kwa barua, na mwisho ipatikane barua ya kukiri kupokea kazi. Vyama vya Msalaba Mwekundu, vilivyoundwa kwa sheria Tanzania mwaka 1962 na Kenya mwaka 1965, vina matawi na mafunzo ya huduma ya kwanza, na vinamfaa hasa mtu anayehama sekta: wa benki anayetaka kuingia kwenye misaada ya kibinadamu, kwa mfano. Kwa anayebaki kwenye fani yake ileile, kujitolea kuna faida ndogo kuliko inavyosifiwa.

Chama cha fani na kozi fupi

Hili halihitaji maneno mengi. Kama una bodi ya fani, NBAA kwa wahasibu, ERB kwa wahandisi, PSPTB kwa watu wa ununuzi, ICPAK kwa wenzetu wa Kenya, au chama kama TAPSEA cha makatibu mahsusi, hakikisha usajili wako uko hai kabla ya jambo lolote, maana tangazo likidai usajili hakuna atakayekusubiri. Ila kukaa safu ya nyuma kwenye semina ili upate saa za mafunzo endelevu hakukujulishi kwa mtu. Omba kuwa kwenye kamati ya maandalizi, au uwasilishe mada ya dakika ishirini. Udhaifu wa vyama hivi ni kwamba wote mliomo mnawinda mnyama mmoja. Nguvu yake ni kwamba mmoja wenu ameshaajiriwa mahali na anajua nani anastaafu.

Kozi fupi isome pale tu tangazo unalolitaka linapoitaja kwa jina. Cheti cha sita cha "uongozi na usimamizi" kwa mtu wa miaka 43 kinamfanya mwajiri ajiulize kwa nini bado anasomea uongozi.

Joging

Jumamosi alfajiri, jezi, nauli na maji. Ndiyo nafuu kuliko zote, na mchanganyiko wa watu ni mpana kuliko Rotary: fundi magari anakimbia na meneja wa tawi, na hakuna anayeulizana cheo. Kwa aliyeachishwa kazi ina faida nyingine ambayo wasifu hauoneshi, ya kuwa na sababu ya kuamka. Lakini kwa kipimo chetu cha simu ya mwajiri inafeli, kwa sababu watakachosema ni kwamba una pumzi. Inageuka pale unapokuwa katibu au unapoipeleka klabu Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa tangu mwaka 2003: usafiri wa watu arobaini, malazi, fedha zilizokusanywa, risiti.

| Shughuli | Mfukoni | Lini utaona matunda | Inakupa hasa | Haimfai |
|---|---|---|---|---|
| Toastmasters | Wastani | Miezi 3 hadi 6 | Ulimi wa usaili | Anayesema vizuri tayari |
| Rotary | Juu | Mwaka au zaidi | Watu wa fani nyingine | Asiye na kipato sasa |
| SACCOS, kikoba | Akiba yako mwenyewe | Kipindi kizima cha uongozi | Ushahidi wa uaminifu wa fedha | Asiye na subira ya vikao |
| Kujitolea kwa mkataba | Nauli | Miezi 3 | Njia ya kuhama sekta | Anayetegemea kuajiriwa hapohapo |
| Chama cha fani | Ada ya mwaka | Hutegemea kamati | Habari za nafasi | Anayeacha fani hiyo |
| Joging | Chini | Afya mara moja, kazi bahati | Watu wapya, ratiba | Hakuna |

Chagua mbili, zisizidi. Mwenye nne hana hata moja anayoifanya hadi ikaonekana. Kama ningelazimika kumpangia mtu aliyetoka kwenye mradi uliofungwa, ningemwambia: andika vizuri ulichofanya SACCOS, kisha nenda Toastmasters kwa nusu mwaka. Mama aliyekaa nyumbani miaka sita akilea na sasa anarudi sokoni ningemuuliza kwanza kuhusu kikoba chake na kamati ya shule ya watoto, kabla sijamtuma popote. Aliyeko kazini na anataka kuhamia kampuni kubwa, Rotary au kamati ya bodi ya fani yake.

Anayelenga serikalini Tanzania ajue kuwa hesabu hubadilika. Matangazo huweka ukomo wa umri wa miaka 45, isipokuwa kwa aliyeko kazini serikalini, na kuna usaili wa mchujo wa maandishi ambao haujali wewe ni katibu wa nini. Huko shughuli hizi zitakusaidia mbele ya jopo tu, ukifika.

Kwenye kuandika, mstari huu haumsaidii mtu: "Mjumbe, SACCOS ya wafanyakazi, 2019 hadi 2023." Huu unamsaidia, kwa mfano: "Mjumbe wa kamati ya mikopo, SACCOS yenye wanachama 340, 2019 hadi 2023. Tulipitia maombi kila mwezi na kuanzisha utaratibu wa kumfuata mkopaji kabla malimbikizo hayajafika miezi mitatu. Hesabu zilikaguliwa na kusomwa mkutano mkuu kila mwaka." Weka namba zako za kweli, maana wataziuliza. Uipe sehemu yake chini ya uzoefu wa kazi, kwa kichwa "Uongozi na huduma", na ule mstari wa kutazama mpira ufute. Ya kanisani au msikitini andika kazi iliyofanyika: jengo, bajeti, muda. Nafasi za chama cha siasa ziache nje, labda kazi yenyewe iwe ya siasa.

Na yule mdhamini wa tatu, mwenyekiti wako wa kamati, mpigie kabla hujaliweka jina lake. Mtumie tangazo la kazi na wasifu wako, umkumbushe mambo mawili mliyofanya pamoja na mwaka wenyewe, na umuulize namba anayopokea mchana, kwa sababu wengi huacha ile ya laini ambayo siku za kazi imezimwa.